Maziwa ya Mama Pia Yapimwe

Nakumbuka asubuhi moja pale Silibwet, mwanangu, nilipomwaga pipa zima la maziwa mtaroni huku babu yako akinitazama. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Kituo cha kukusanyia maziwa kilikuwa cha familia yetu, na kazi yangu ilikuwa kupima: maziwa kidogo, spiriti kidogo, yakigandana yameharibika, yanarudi na mwenyewe. Nilipima ya kila mtu isipokuwa ya baba mdogo Kiprono. Ningempimaje mtu aliyenibeba mgongoni? Basi kopo lake likaharibu pipa zima. Shule tuliyokuwa tukiiuzia huko Kaplong ikasema, ikitokea tena, itanunua kwingine. Baba mdogo akaona aibu, siku tatu hakuonekana.

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, unanijua. Litein kulikuwa na kituo cha chama cha wakulima, watu wasio na undugu wowote, na maziwa yao hayakuwahi kurudishwa na wanunuzi. Kwa nini? Nikaenda kuchungulia, nikidhani wana mashine fulani. Nikakuta msichana wa rika langu, na kichupa cha spiriti kama changu. Mama mmoja mzee akafika, akasimama kwa laini, akapimwa, akapita.

"Huyo ni mama yangu," msichana akaniambia.

"Na unampima mbele ya watu?"

"Sasa nisipompima, siku maziwa iharibike, watu si watasema ni yake? Nitamtetea na nini?"

Nilirudi nikilitafuna neno hilo njia nzima. Nilidhani namheshimu baba mdogo, kumbe nilimwacha bila ushahidi. Aliporudi kituoni, nilianza na kopo la baba yangu mwenyewe. Niliona baba amefurahi. Kiprono akacheka, akafungua kifuniko chake bila kuambiwa.

Sasa kituo ni chako. Juzi nimeleta kopo langu, ukaniambia, "Mama, wewe pita tu, yako tunajua." Hujui, mwanangu. Hata mimi sijui, ng'ombe wangu amezeeka kama mimi. Wapende ndugu zako, wape kazi, kula nao, lakini kipimo kiwe kimoja kwa wote, na kianzie nyumbani kwako.

Mungu akubariki, ng'ombe wako wazae na watu wako wapatane. Kesho nitasimama kwa laini. Nipime.