Pedi Ambazo Asger Hakuzibadilisha

Saa moja na nusu asubuhi Asger Nørby ananawa mikono kwa maji ya moto, anaikausha kidole baada ya kidole, kisha anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Anafungua boksi, anatoa hedifoni, anazivaa na kufumba macho. Dakika nzima hasogei. Halafu mkono wake unakwenda kwenye kikuza sauti kidogo kilichokuja na boksi lile, na anaanza kufuta kazi yake mwenyewe.

Hii ni jozi ya themanini na saba. Zimebaki mia moja ishirini na saba.

Kwenye rafu juu ya kichwa chake kuna kitu kimefunikwa kwa kitambaa cha meza cha bluu. Watu wote saba wa karakana hii ya mjini Lemvig wanakijua, na hakuna anayekigusa.

Asger ana miaka sitini na mitatu. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake imekuwa kusikiliza. Karakana inatengeneza hedifoni za bei kali, kroni elfu kumi na nane kwa jozi, ambazo ndani hazina koni ya spika bali utando mwembamba kuliko mfuko wa mkate, uliotandazwa kati ya sumaku. Utando huo hauna huruma. Ukitoa pedi za ngozi, zile mviringo laini zinazokaa juu ya masikio, ukaweka za kitambaa, besi inakimbia. Pedi ikibonyea milimita chache tu, sauti za juu zinapanda na kuchoma.

Kwa hiyo kila jozi ilipita mikononi mwake. Aliichagulia pedi, akaivaa, akarekebisha besi na sauti za juu kwenye kikuza sauti kinachouzwa nayo mpaka ilingane na jozi moja tu ya karakana, ambayo wote waliiita jozi mama.

Pedi za jozi mama zilishonwa na mkewe, Karna. Alikaa kwenye cherehani ya hapa miaka kumi na tisa. Januari moja alishona pedi za jozi sita, na Februari akafariki. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu daktari alipoutaja ugonjwa.

"Tano ziliuzwa kabla sijajua kwamba ni za mwisho," anasema Asger. "Nikabaki na hizo za sita. Nikazivisha jozi mama."

Hiyo ni miaka mitano iliyopita.

Ndani ya kila boksi linalotoka hapa kuna kadi ndogo. Maneno yake aliyaandika Asger mwenyewe zamani: "Badilisha pedi kila baada ya miaka miwili. Usisubiri mpaka usikie tofauti, maana hutaisikia. Sikio linazoea."

"Nimewasomea wateja kadi hiyo kwenye simu mara ngapi sijui," anasema. "Wengine niliwagombeza."

Aliyeleta habari alikuwa mteja, Ragna Thygesen, mpiga fidla mkubwa wa okestra huko Aarhus. Alikuja Septemba na mifuko miwili. Katika mmoja alikuwa na hedifoni alizonunua miaka saba iliyopita, ambazo pedi zake huzibadilisha kwa wakati kama kadi inavyotaka. Katika mwingine alikuwa na mpya, alizomnunulia dada yake. Akaziweka mezani pa Asger bila hata kuvua koti.

"Hizi nani alizitengeneza?"

"Mimi."

"Na hizi za zamani?"

"Mimi vilevile."

"Basi mmoja wenu anaumwa, bwana. Hizi mpya zinanikata masikio kama mkasi."

Asger alichukia. Akamwambia mama huyo kwamba wapiga fidla huharibu masikio kwa kazi yao, aende akapimwe.

"Nimetoka huko," Ragna akajibu, akachomoa karatasi ya hospitali kwenye pochi. "Soma. Yangu ni mazima. Ya kwako ulipima lini?"

Asger akavaa jozi mpya, kisha jozi mama. Zililingana kabisa. Akatabasamu, akageuka kumwonyesha Vibeke Holmgaard, aliyerithi cherehani ya Karna. Vibeke hakutabasamu. Alinyoosha mkono, akabonyeza pedi ya jozi mama kwa dole gumba.

"Asger, humu hamna sponji tena. Ni kama mkate uliokaliwa."

Walipima. Pedi mpya ina milimita ishirini na nne. Zile zilikuwa na kumi na tano, na ngozi ilikuwa imepasuka kwenye mshono wa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki. Besi ilikuwa inavujia hapo. Sauti za juu zilikuwa zimesogea karibu na sikio, mwaka hadi mwaka. Na kila jozi nzima iliyotoka kwa mafundi, Asger aliipunguza besi na kuipandisha makali ili ifanane na ile iliyochoka.

"Zilinijia zikiwa na afya," anasema. "Mimi ndiye niliyezitia ugonjwa. Mia mbili na kumi na nne, kwa mkono huu."

Siku hiyo Ragna alimvalisha hedifoni zake za zamani. Asger akaweka rekodi aliyoanza nayo kazi kila asubuhi, kinanda cha kanisa la hapahapa Lemvig, dakika moja. Kinanda hicho kina sauti moja ya chini kabisa, ambayo mtu huipata kifuani kabla ya masikioni. Ilipofika, Asger alishika meza.

"Sikujua kwamba ilikuwa imepotea. Kila asubuhi nilikuwa nakaa na wimbo usio na sakafu, na mimi nafurahi tu."

Kinachomuuma zaidi si hicho. Jioni ile alimuuliza Vibeke kama aliwahi kuona pedi zikichakaa. Vibeke hakumficha.

"Niliona tangu mwaka wa pili," anasema Vibeke, huku akikata uzi. "Kila Jumatatu nafuta vumbi, ningekosaje? Wote tuliona. Lakini hapa kwetu mtu haingilii mambo ya mwenzake. Nimwambie nini? Nivue pedi za marehemu? Alikuwa anazipangusa kama uso wa mtoto."

"Ungesema neno moja," Asger anamwambia, bila kugeuka.

"Na wewe ungenirushia kikombe."

"Ningerusha. Halafu ningesikia."

Vibeke anarudi kwenye cherehani yake.

Mwenye karakana, Villads Krogh, alirithi kazi kwa baba yake. Aliwaandikia wateja wote warudishe vikuza sauti na hedifoni zao, watengenezewe bure. Barua ilisema tatizo lilitokana na kosa la kibinadamu la mfanyakazi mmoja.

"Jina lako halimo," Villads alimwambia. "Nimekulinda."

"Tuko saba, Villads. Anayesikiliza ni mmoja."

"Unataka niandike nini? Kwamba karakana nzima ilikaa kimya kwa adabu?"

"Ndiyo. Andika hivyo hivyo."

Hakuandika. Lemvig ni mji mdogo. Kwenye duka la mikate mtu alimuuliza Asger mbele ya foleni, "Redio yangu inakwaruza, nikuletee uiharibu kabisa?" Watu wakacheka, naye akacheka, akalipia mkate wake mweusi. Jumapili siku hizi anakaa benchi la mwisho kanisani, yeye aliyekuwa anakaa chini ya kinanda.

Mshahara wake umeshuka kutoka kroni elfu ishirini na tisa kwa mwezi hadi elfu kumi na saba, kwa kuwa anafanya kazi siku tatu tu kwa juma. Kwenye kona kimeshawekwa kichwa cha mpira chenye maikrofoni ndani ya masikio. Kinavalishwa hedifoni, na kompyuta inachora mstari. Jozi ya mia mbili na kumi na nne ikitoka, kiti cha karibu na dirisha kitaondolewa.

"Hicho kichwa hakina mke," anasema Asger. "Villads amepata mfanyakazi mzuri."

Je, anajilaumu mwenyewe au anawalaumu wenzake? Anafikiri, akikwangua gundi kwenye kucha.

"Namkasirikia Karna. Ndiyo, andika. Aliniachia kitu kinachokufa polepole kiasi kwamba nisingeweza kukiona. Yeye mwenyewe alikufa kwa wiki tano. Kifo kile nilikiona."

Kila jozi anayoirekebisha anaiwekea pedi mpya za Vibeke, anarudisha besi yake, anashusha makali. Kisha anachukua kadi na kuongeza kwa kalamu, chini ya maneno ya zamani: "Kosa lilikuwa langu. Asger Nørby." Villads alimkataza mara mbili. Mara ya tatu alipita mezani akaangalia pembeni.

Kuhusu mpango wake baada ya hapo, hasemi habari za pensheni wala safari. Anasimama na kugusa ukingo wa kitambaa cha bluu kinachofunika jozi mama pale juu ya rafu. Karna aliacha kipande cha karatasi ya kahawia chenye vipimo vyake vya penseli, na Vibeke ameshakata ngozi ya kondoo kwa kukifuata na kuishona. Pedi hizo zimewekwa kwenye droo ya Vibeke. Siku ya mwisho Asger atavua za zamani kwa mkono wake, atavisha hizo, atasikiliza kinanda dakika moja mpaka ile sauti ya chini, na jozi mama ataiacha mezani ikiwa nzima.

"Mtu asinivulie," anasema. "Hilo tu ndilo nililomwomba Villads."

Kadi ya jozi mama ameshaiandika. Anatembea nayo kwenye mfuko wa shati, imeanza kuchakaa pembeni. Ni ya mia mbili na kumi na tano, na mahali pa jina la mteja ameandika Karna.

Anaifunga jozi ya themanini na saba kwenye boksi lake, anaipeleka kwenye meza ya vitu vya kutumwa kwa posta, na kurudi kunawa mikono.