Chupa Niliyompa Akinyi

Mimi ni Beldina, mama Ouma, na kwa miaka minne nilikuwa daktari wa macho. Shule ya udaktari sikuikanyaga. Nilikuwa na chupa tupu, nikaona inatosha.

Kazi yangu ni kukaanga samaki ufuoni hapa Kisumu. Ukikaa kwenye moshi wa kuni miaka kumi na tano, macho yanakauka, yanawasha utadhani umemwagiwa mchanga. Daktari mmoja aliniandikia dawa ya matone, akasema nitumie wiki mbili kisha nirudi anipime. Siku ya tatu macho yalikuwa yametulia. Nirudi kupimwa nini, na mimi naona? Dawa ilipoisha nikabeba chupa tupu hadi duka la dawa mtaani Nyalenda, nikaiweka mezani, nikasema nataka kama hii. Wakanipa kama hiyo. Kwetu chupa tupu ndiyo cheti cha daktari, na mimi changu nilikitumia miaka minne.

Kiburi nacho hakina dawa. Rafiki yangu Akinyi, ambaye jiko lake lilikuwa kulia kwangu, alipolalamika macho, nilimnunulia chupa yake. Nikamfundisha kuinamisha kichwa nyuma, nikamwambia asijisumbue na hospitali, foleni ni ndefu. Nilisema hayo kwa mdomo wangu huu huu.

Haikupita miezi miwili Akinyi akaninunia. Hasemi nami, hata sababu hanipi. Nikasema basi, na mimi sina haja naye. Tukakaanga samaki miezi minane jirani kabisa, kimya kama wake wenza waliogombana. Wakati huo nilikuwa nagonga milango kwa bega la kulia na kumwaga mafuta nje ya karai. Nikailaumu milango, na karai pia.

Binti yangu Anyango ndiye aliyeniburuta hospitali. Daktari alipouliza ninatumia dawa gani, nilitoa chupa yangu kwa madaha. Akaisoma, kisha akanieleza kwamba dawa hiyo ina steroidi: inatuliza haraka, lakini ukiitumia miaka bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya macho, na presha hiyo inaua mshipa wa kuonea polepole, bila maumivu. Nilichopoteza jicho la kulia hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa nyingine. Kwa ule ukavu akaniandikia matone ya machozi tu. Yaani mimi, niliyelia kwenye kila matanga ya kwetu Seme hadi nikaitwa kwa matanga ya watu nisiowajua, sasa nanunua machozi dukani.

Lakini kilichonikata maini hakikuwa jicho langu. Nilimkumbuka Akinyi na ile chupa. Kama alikuwa bado anaitumia, basi nilikuwa nampofusha rafiki yangu kwa mikono yangu, tena bure, bila hata kuombwa.

Nikaenda kwake moja kwa moja. Nikamwambia yote, sikujificha. Nikamsihi aiache ile dawa leo hii, twende akapimwe.

Akinyi akaniuliza, "Mama Ouma, kumbe ulikuwa hunioni?"

Nikamwambia upande wa kulia simwoni mtu.

"Asubuhi tatu nilikunyooshea mkono nikusalimu, ukanipita na mkono wangu ukabaki hewani. Siku ya tatu nikaitupa dawa yako chooni. Nilisema, dawa ya mtu wa maringo siitii machoni mwangu."

Hata hivyo nilimpeleka, akapimwa, presha yake iko sawa. Upofu wangu ndio uliomwokoa kutokana na udaktari wangu. Pale kwenye benchi la hospitali nilitaka kulia kwa furaha, macho yakagoma, maana machozi yangu nilikuwa nimeyaacha nyumbani kwenye chupa. Akinyi ndiye aliyelia kwa niaba yetu sote wawili.

Kesho yake nilipofika ufuoni, nilikuta amehamisha jiko lake. Ameliweka kushoto kwangu.