Mwalimu wa Chaji

Nawasimulia mwenyewe kwa sababu mtaisikia tu kwa wengine, na hao wanaongeza chumvi, wanasema eti nililia mbele ya mgeni, jambo ambalo si kweli, mimi nililia baadaye, chooni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, upande huu wa Kivukoni, na maktaba nilibebeshwa juu ya vipindi vyangu kwa sababu siku ya kikao cha kugawana majukumu nilichelewa (kwetu ukichelewa kikao unapewa kilichobaki). Ilikuwa chumba cha vitabu vya zamani na mchwa. Halafu wafadhili wakatuletea vishikwambi vimejaa hadithi, sola ya kuweka juu ya paa, na kabati la chuma lenye soketi ndani, la kuvichajia na kuvifungia. Mafunzo niliyopewa yalikuwa ya asubuhi moja na nusu yake tulikunywa chai. Hata hivyo nilijitahidi. Kuna binti wa darasa la tano, Fausta, ambaye alikuwa anasoma kwa kuvuta silabi mojamoja mpaka unamhurumia, lakini baada ya kukaa na kishikwambi muhula mmoja akawa anamaliza hadithi na kunifuata hadi ofisini kunidai nyingine. Kwa hiyo msidhani vile vitu vilikaa bure.

Mambo yalianza kuharibikia kwa Mama Devota, mpishi wetu wa uji. Nguzo za umeme huku zimeishia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, shuleni hazijafika, na pale mashineni kuchaji simu unalipia. Siku moja akaja mlangoni na kitochi chake, kile kisimu cha vitufe chenye tochi, kimezima.

"Mwanangu Skola, nichajie kidogo tu. Mdogo wangu kalazwa Ifakara, wanaweza kunipigia."

Ungekataa wewe? Nikachomoa kishikwambi kimoja, nikachomeka simu yake, na ningeishia hapo leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Kesho yake alikuja na ya jirani yake. Wiki haijaisha wakaja wakulima, wakaja wafugaji, kila simu nimeibandika plasta yenye jina la mwenyewe, na vishikwambi vinasubiri zamu yao kama wagonjwa. Wengine waliniletea samaki, perege, na mimi (niseme tu ukweli) nilipenda. Sio perege peke yake. Nilipenda kwamba mtu mzima aliyekuwa ananipita njiani kila siku bila kunitazama sasa anasimamisha baiskeli na kuniuliza habari za nyumbani. Nikajiona mtu. Nikawapangia na utaratibu, kwamba kabla hujatembea kwenye tope lote hilo, azima simu, piga namba yako mwenyewe, nikipokea ujue imejaa.

Masika yakaingia, nguzo moja ikalala, mashineni kukawa giza, watu wote wakahamia kwangu. Na wiki hiyohiyo mwalimu mkuu akatutangazia walimu kwamba Alhamisi anakuja afisa kutoka halmashauri kukagua vishikwambi, na akiona havitumiki vinapelekwa shule ya mjini yenye umeme wa uhakika.

"Mwalimu Skola, tuko sawa?"

"Tuko sawa, mkuu," nikasema, na kabati wakati huo lilikuwa limejaa simu za watu.

Jumatano nikajiambia, simu zikae hadi mchana, mchana navirudisha vishikwambi. Mchana likatanda wingu, sola ikawa kama haipo. Wenye simu walikuwa mashambani wanapalilia, hawakutokea, na mimi nikaona aibu kuchomoa simu ya mtu haijajaa. Mnaona akili hiyo? Nimeona aibu kwa Mama Devota, sikuona aibu kwa watoto.

Alhamisi mgeni akafika mapema na gari la serikali, mtu mpole, anaongea taratibu. Nikamwambia Fausta atuanzie. Nilimpa kishikwambi chenye afadhali, na hicho chenyewe alama ya chaji ilishakuwa nyekundu. Akasimama, akasoma hadithi ya kiboko aliyeingia shamba la mpunga, vizuri kabisa, mpaka mkuu akaanza kutabasamu. Ukurasa wa tatu kioo kikazima.

Fausta hakunyamaza. Aliendelea kusoma, neno kwa neno, na kila akifika mwisho wa ukurasa anapitisha kidole kwenye kioo cheusi kama anafunua. Hadithi ile alikuwa ameirudia mara nyingi mpaka imemkaa kichwani. Nilitaka kumkumbatia.

Mgeni akainama, akachungulia kile kioo. "Huyu mmemkaririsha," alisema. "Lini, jana?"

"Hapana, afande," (sijui afande ilitoka wapi) "wanasoma kila siku. Vinachajiwa kila siku, mle kabatini."

Kabati likaita. Kwaya ya kanisani, sauti ya juu kabisa. Kabla haijakata ikadakia nyingine, ya ngoma ya Kisukuma, halafu ya tatu ile tiriritiriri ya kitochi, maana wingu lilikuwa limeondoka na kila mtu huko shambani ameangalia juu akakumbuka simu yake. Watoto wakafunika midomo.

"Fungua," mgeni akasema. Nikafungua. Akazitazama zile simu na plasta zake, akasoma majina kimyakimya, halafu akaninyooshea iliyokuwa inaita. "Pokea."

Nikapokea. Ilikuwa ya Mzee Masanja, mfugaji, na simu yake ina sauti kubwa kwa sababu hasikii vizuri.

"Mwalimu wa chaji, habari za kazi? Imejaa hiyo?"

Na mimi, kwa mazoea, mbele ya mkuu, mbele ya mgeni na darasa zima, nikamjibu, "Imejaa, mzee, njoo uchukue."

Hakunifokea. Ningeshukuru angenifokea. Aliagiza vishikwambi vipakiwe, na watoto wenyewe ndio waliovibeba kwenda kwenye gari, viwiliviwili, kwa uangalifu kama nilivyowafundisha. Mkuu akaniambia nikipata nafasi nipite ofisini. Mama Devota alisimama na mwiko wake mlangoni mwa jiko, na gari lilipoondoka akaniuliza, "Sasa si ungesema tu kuna mgeni? Tungekuja kuzichukua." Hilo ndilo lililonipeleka chooni.

Sola bado ipo juu ya paa na kabati lipo. Simu siingizi tena, hata ya mkuu, hata awe anaumwa nani, na nimejifunza kutamka "hapana" na mtu asife. Kipindi cha maktaba tunakaa, Fausta anasimama mbele anawahadithia wenzake zile alizosoma, moja kila wiki, na anaponogewa hupitisha kidole hewani.

Juzi alimaliza ya mwisho. Akaniuliza, "Madam, wiki ijayo nisome nini?"

Nikamwambia aende akanawe mikono, uji uko tayari.