Sanamu ya Korosho na Mdomo Wangu

Mume wangu, Baba Zuhura, ni fundi rangi, na kazi ya kupaka ile sanamu kubwa ya bibo, tunda la mkorosho, na korosho yake pale barabarani Nanganga alinyimwa, akapewa fundi mgeni. Nilikuwa na hasira mpaka usingizi ukaniruka.

Juzi asubuhi nikapita na Zuhura mgongoni, nikaona bibo liko chini, korosho iko juu! Hapa kwetu nani asiyejua kuwa korosho huning'inia chini ya bibo? Nikawaka.

"Mmemwacha fundi aliyezaliwa mikoroshoni, mkaleta mtu aliyeiona korosho kwenye pakiti!"

Watu wakajaa. Yule mgeni akajibu taratibu, "Dada, tumeipindua tupake upande wa chini."

"Mwongo! Na huyo anayejificha nyuma ya sanamu ni mwongo mwenzako!"

Aliyekuwa nyuma akachomoza na brashi mkononi. Baba Zuhura. Kumbe yule mgeni alikuwa amemwita asubuhi hiyo hiyo aje kumsaidia kupaka, na mimi nimemtukana aliyemwita.

"Unamjua huyu mama?" mgeni akamuuliza.

Mume wangu akainamia kopo la rangi. "Simjui, bosi."

Zuhura akanyoosha mikono kutoka mgongoni kwangu. "Babaaa!"