Kuba la Kioo Juu ya Cherehani

Harufu ya puti mbichi, ile gundi nzito ya kubandikia vioo, hunitia wasiwasi hadi leo. Hunirudisha Chepilat, kwenye chumba cha mama cha kushonea, kilichobanwa na maduka pande zote hata kikakosa dirisha. Mama alishona sare za shule humo, macho yakimwuma, na kila alipotaka kutunga uzi kwenye sindano ilibidi atoke mlangoni. Nilikuwa na miaka tisa, nikiogopa kwamba atapofuka. Basi baba, fundi wa vyuma, akaamua kutoboa paa la zege na kuweka kuba la kupitisha mwanga.

Kilichobaki ni kuchagua kioo au plastiki. Baba alizaliwa kandokando ya ziwa na alikuwa mbishi. Alisema plastiki hugeuka njano upesi, naye hangekubali mkewe ashonee kwenye mwanga wa rangi ya chai. Akachomelea fremu, akapanga vipande vinane vya kioo, akavikaza kwa puti. Mama Chelangat, jirani Mkipsigis aliyetuletea maziwa, aliitazama kazi ile akatikisa kichwa. "Baba Akinyi, hapa mvua iko na mawe. Weka plastiki." Baba alicheka, akamwambia mvua ya ziwani hung'oa miti. Mvua aliijua kweli, ila mawe hakuyajua. Mimi nilimwamini jirani. Kila wingu lilipopanda juu ya mashamba ya majani chai nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena, hadi mama akalalamika kwamba namzungusha kichwa. Mwenyewe alikuwa na raha. Chini ya kuba lile alitunga uzi bila kuinuka, akiimba.

Mawe yalikuja alasiri moja nikiwa shuleni. Niliporudi nilikuta sare zimejaa barafu na vipande vya kioo, na mama amejifunga mkono kwa kitambaa cha sare. Kioo kilikuwa kimekata kano ya kidole gumba. Alishonwa, lakini kidole hakikujikunja tena. Baba aliweka plastiki wiki hiyohiyo, na kweli ikawa njano. Kazi ya kutunga uzi ikawa yangu. Nilimkasirikia baba miaka mingi, na hasira ile ilinichosha.

Mwaka huu nimejenga nyumba yangu, nayo nikataka iwe na kuba la mwanga. Nilizunguka madukani nikiulizia akriliki, kioo cha tabaka mbili na polikaboneti, mpaka wauzaji wakanichoka. Nikachagua polikaboneti nene, plastiki ngumu isiyopasuka upesi, nikaigonga kwa nyundo mbele ya muuzaji. Kabla haijapandishwa paani, baba alikuja akaipapasa kwa kiganja. "Hii ndiyo ningemwekea mama yako," akasema taratibu, akaenda kukaa nje.

Jumapili iliyopita mama aliketi chini ya kuba hilo akipinda gauni, na mawe yakaanza kugonga. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. "Tulia, Akinyi. Nitungie uzi," akaniambia bila kuinua uso. Mwanga ulikuwa tele. Uzi uliingia mara ya nne, kwa kuwa kila jiwe lilipogonga niliinua macho kulitazama kuba.