Darasa Lililoelewa

Tangu aanze kufundisha fizikia pale Klaten, mji wa kisiwani Java, Pak Wiryono, yaani Bwana Wiryono, hajawahi kumsikia mwanafunzi akisema hajaelewa. Watoto wa Kijava wamelelewa hivyo: kumwambia mwalimu hujaelewa ni sawa na kumwambia hajui kufundisha, na nani atake aibu hiyo?

Asubuhi hiyo alichora chaji mbili za umeme ubaoni. "Tukizisogeza mpaka umbali ubaki nusu, kani kati yake inakuwa mara nne, siyo mara mbili! Tunagawanya kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Mwalimu!"

"Pratiwi, kweli?"

"Kweli, Mwalimu," akajibu Pratiwi, macho sakafuni.

Akawapa swali lile lile. Darasa zima likaandika kwa mwandiko wa kupendeza: Kinachojulikana, Kinachoulizwa, Jibu. Na jibu la wote lilikuwa mara mbili.

"Jamani, mtaniua nyie!" Wakacheka kwa adabu. Angewafanya nini?

Mchana mwalimu mkuu, Bu Kustiyah, yaani Mama Kustiyah, aliwaeleza walimu utaratibu mpya wa kusahihisha mitihani kwa kompyuta. Wiryono alikodoa macho, akatega masikio, akaambulia patupu. Na kesho yake ndiyo alitakiwa kuanza kuutumia.

"Pak Wiryono, umeelewa?"

Alifungua kinywa aseme ukweli. Alitaka, tena kwa moyo wote. Lakini mama wa watu alikuwa ameeleza mpaka sauti imemkauka, na sasa anamtazama akitabasamu. Wiryono akainamisha macho sakafuni.

"Nimeelewa, Bu."