Fenesi letu na mikono ya shefu

Kati ya wote waliokuwa kwenye lupango letu, ndani ya ua wetu, siku ile, nimebaki mimi tu. Kwa hiyo nasema wazi nani alitaka kutunyang'anya fenesi: shefu wa mutaa. Na aliyemwambia kwamba lipo ni mudogo wa papa, aliyekuwa analala kwetu na kula kwetu.

Sisi wa Kalemie tulikuwa watu wa maembe. Fenesi lilikuja na Mama, mutoto wa Kigoma. Alipoolewa alileta mbegu ndani ya kitambaa, akaipanda nyuma ya jiko. Miaka ikapita, majani tu. Halafu, wakati ule wa Zaïre, nina miaka kama kumi, likatoka moja! Moja tu, chini kabisa kwenye shina, likakua mpaka likawa na tumbo kama muntu.

Kila asubuhi nililigonga. Ko, ko. Mama anasema, "Bado. Likijibu bu, bu, njo limeiva."

Siku moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya mutaa muzima, tumetoka kufagia barabara, nikaligonga: bu! Nikapiga kelele, nikaruka, na wadogo zangu wakaruka bila kujua sababu. Harufu ilikuwa imeshafika barabarani.

Mama hajashika hata kisu, shefu huyu anaingia, amevaa abakosti mupya, suti ya wakubwa wa wakati ule, mudogo wa papa nyuma yake anachekacheka.

"Mama, tunda kubwa namna hii ni la wakubwa. Nina wageni."

Papa akaangalia chini. Mimi machozi. Mama akasema taratibu, "Chukueni, shefu. Mukate wenyewe."

Sikuelewa. Mama hakuwa muntu wa kuachia kitu.

Kumbe fenesi halikatwi bila kupaka mafuta ya mawese kwenye kisu na mikononi, na hapo kwetu Mama peke yake ndiye aliyejua. Shefu akalikumbatia, mudogo wa papa akakata kikonyo. Maziwa yakamwagika! Meupe, mazito, yananata kama ulimbo wa kutegea ndege.

"Maji, shefu! Maji mengi!" Mama, uso mukavu kabisa.

Maji yakazidisha kunata. Vidole vikashikana, mukono ukanasa kwenye mufuko wa abakosti, majani makavu yakapanda mpaka kwenye ndevu. Fenesi likaanguka, likapasuka. Ndani njano tupu!

"Hili si tunda, ni uchawi!"

"Basi mutuachie sisi wachawi, Papa shefu."

Shefu akajinasua mufukoni, akatoka mikono juu, barabara nzima inacheka.

Mama akajipaka mawese, akafungua. Utamu ule! Tulikula mpaka tumbo zikawa ngoma, na Papa akacheka kwa sauti, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu. Mudogo wa papa amekaa mulangoni, vidole vimegandana.

"Mutoto wangu, niwekee kipande kimoja mudomoni."

Nikachagua kipande kinene kuliko vyote. Nikakipeleka mpaka karibu na meno yake, amefungua kinywa kabisa. Halafu nikakila mimi, polepole, mbele ya macho yake.